Amana Iliyorudi Inang'aa

Wiki iliyopita tuliiacha bastola ikiwa hewani. Leo na itue.

Ilitua mbele ya mlango wa mjane Zartaja, ikabiringika mara moja, ikalala juu ya changarawe iking'aa kama sufuria ya harusi. Baraza lilikuwa limejaa. Wanaume themanini wa Darra, mji wetu wa mafundi wa silaha, walikuwa wamekaa uani pale, na hakuna hata mmoja ambaye hatengenezi silaha wala hana ndugu anayetengeneza.

"Hii si bastola ya babu yangu!" alipaza sauti Tamash Khan, mkuu wa watu wa Mirbaz, aliyeirusha. "Mwanamke huyu kala amana! Vibao vya mpini ni vyetu, navijua. Lakini chuma si chetu. Kaiuza ya kweli, kisha kavifunga vibao vyetu kwenye takataka ya sokoni!"

Uliyekosa gazeti la wiki iliyopita nitakudokezea upesi, maana Tamash Khan hana subira na mimi pia sina. Miaka kumi na moja iliyopita, watu wa Mirbaz na watu wa Zarwali walichoka kuzikana. Wakaweka jiwe. Ndivyo tunavyosema kwetu watu wakisimamisha kisasi. Kila upande ukatoa silaha yake ya heshima iwe dhamana: Zarwali bunduki, Mirbaz bastola ya jeshi la Kiingereza ambayo babu yao alimnyang'anya kapteni mmoja mlimani, au ndivyo tulivyosimuliwa tangu tukinyonya. Silaha zote mbili zikawekwa kwa Tabibu Shamroz, mtu wa dawa za mitishamba asiye na upande.

Tabibu akafa majira ya baridi yaliyopita. Amana ikabaki kwa mkewe Zartaja, mama wa miaka sitini, hana mwana wa kiume wala kaka.

Sasa pande mbili zimekubaliana amani ya kudumu. Bunduki ya Zarwali imerudi kwa wenyewe asubuhi hii. Bastola ya Mirbaz haikutakiwa kurudi kwao. Ilitakiwa ipite mikononi mwa Tamash Khan tu, kisha apewe Malik Janas, mkuu wa Zarwali, kwa ajili ya damu ya mwanawe, aliyekuwa wa mwisho kuuawa. Tamash Khan akaifunua, akapiga ukelele, akairusha.

Adhabu ya anayekula amana ya jiwe kila mtu anaijua. Nyumba yake inachomwa moto na mwenyewe anafukuzwa bondeni. Vijana wa Tamash Khan walikuwa wameshika madumu ya mafuta ya taa. Walikuja nayo tangu asubuhi, kabla hata kitambaa hakijafunuliwa.

"Choma!" alisema Tamash Khan.

"Keti chini, Khan," alisema Mullah aliyeongoza baraza. "Hapa si jikoni kwako. Ustadh Kachkol yuko wapi?"

Alikuwa pale pale, mzee mwembamba mwenye vidole vyeusi hadi kwenye kucha. Kwa miaka arobaini Ustadh Kachkol hakufanya kazi nyingine ila kuipa silaha rangi. Anachukua chuma cheupe kilichotoka kwa wenye tupa, na akikirudisha kina ile buluu nzito ambayo hata mnunuzi wa Peshawar anaingia mkenge akidhani ni ya kiwandani. Pande zote mbili zilimkubali awe shahidi. Akaweka mkono juu ya Msahafu, akaapa.

"Swali ni moja," Mullah alisema. "Rangi ya bastola hii ni ile ya kiwandani kwa Waingereza, au si yake? Jibu hilo tu."

Utaniuliza, msomaji, mbona wasisome namba yakaisha. Namba? Kwetu Darra namba ni kama jina la mbuzi, unampa unalotaka. Mihuri, nembo, taji la mfalme, vyote tunavipiga kabla ya chai ya saa nne. Kitu kinachotushinda ni rangi iliyozeeka yenyewe, na hicho ndicho alichoulizwa.

Ustadh aliiokota bastola, akaifuta vumbi, akatoka nayo juani. Aliigeuza polepole. Akatoa lenzi mfukoni, akaifunga jichoni.

"Chuma kina ngozi," alisema, kama anayezungumza na bastola yenyewe. "Hii ngozi ni changa mno."

"Sema kwa sauti!" mtu alipiga kelele nyuma.

"Nasema tazameni herufi! Mkaguzi wa Kiingereza anapiga mhuri wake rangi ikiwa imeshapakwa. Mhuri ukipigwa juu ya rangi, chuma kinainuka pembeni, kama tope ukilikanyaga, na ndani ya herufi panabaki peupe. Hapa ndani mna rangi mpaka chini. Kingo zimelala. Matundu ya skrubu yamebonyea kama visahani. Bastola hii imesuguliwa kwa msasa, kisha ikapakwa upya. Haina hata mwaka."

"Kwa hiyo?" aliuliza Mullah.

Ustadh Kachkol aliitoa lenzi jichoni. Marehemu Shamroz alikuwa rafiki yake, na ndani ya mlango uliokuwa mbele yake alikuwa amekula chakula mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Lakini ameapa.

"Rangi si ya asili."

Uwanja ulilipuka. Tamash Khan aliruka juu kama aliyeketi kwenye siafu. "Mmesikia! Mmesikia kwa masikio yenu! Leteni mafuta!"

"Mafuta yako yangoje, Khan!" Ustadh alikemea. "Nimesema rangi, sijasema chuma. Mtu akivaa kanzu mpya hajawa mtu mwingine."

"Maneno ya kahawa hayo."

"Nimeipaka rangi mimi," ilisema sauti ya kike.

Ilitoka nyuma ya mlango. Mlango ulikuwa wazi kiasi cha kiganja, na mle ndani gizani alikuwa Zartaja.

"Yaani mimi ndiye niliyeipeleka ikapakwa," aliendelea. "Wiki aliyokufa mume wangu paa lilivuja. Nilikuwa edani, sikufungua sanduku. Nilipofungua, nikakuta kutu. Moja kubwa kama ukucha wa kidole gumba, na nyingine ndogo ndogo kama upele. Sasa jamani, ningemrudishia mtu amana yake ina kutu? Mngesema Shamroz alikuwa mchafu. Miaka kumi na moja anaifuta kila Ijumaa, halafu ije ichafuke mikononi mwangu mimi?"

Wanaume wengine waliinamisha vichwa. Wangefanya vivyo hivyo, wote. Hakuna mtu wa bonde hili ambaye angerudisha amana chafu, na hakuna aliyefikiri kwamba uchafu ule ndio uliokuwa ushahidi. Angeirudisha na kutu yake, leo angekuwa anakunywa chai. Wema hauozi, watu husema. Haya, ulimfikisha wapi?

"Nani aliipaka?" Mullah aliuliza.

"Fundi Almar. Yuko hapo, safu ya tatu. Namuona."

Vichwa themanini viligeuka. Fundi Almar, mtu mnene mwenye duka la kupaka rangi karibu na kituo cha malori, alikuwa ghafla na shughuli kubwa na kamba ya kiatu chake.

"Almar!"

"Mimi? Mimi sijaiona bastola hiyo, Mullah. Naiona leo."

"Mwongo wee!" Zartaja alisema. "Nilikuletea mwenyewe, nikakupa na kuku wawili!"

"Kuku niliwapata, bibi, Mungu akulipe. Lakini nadhani walikuwa wa sadaka."

Watu walicheka, na kicheko kile kiliniuma. Duka la Almar ni mali ya Tamash Khan. Anapanga kwake mwaka wa nane sasa. Sina la kuongeza.

"Imekwisha," alisema Tamash Khan. "Shahidi wake kamkana. Mullah, toa hukumu."

"Bisibisi," alisema Ustadh Kachkol.

"Nini?"

"Nipeni bisibisi. Nivue vibao vya mpini."

"Usiguse vibao hivyo!" Tamash Khan aliruka tena, na safari hii sauti yake ilikuwa na kitu ambacho hakikuwepo mwanzo. "Ni vya babu yangu!"

"Si umesema chuma hiki si chenu? Basi nikivitoa vibao vyenu kwenye takataka, nimewakosea nini? Nawasaidia."

Hata watu wa Mirbaz wenyewe walicheka. Malik Janas hakucheka. Alikuwa amekaa na bunduki yake iliyorudi asubuhi ile juu ya magoti, mzee mpana mwenye ndevu nyeupe, na tangu kikao kianze hakuwa amesema neno. Sasa alisema moja.

"Vua."

Skrubu ilikuwa imeng'ang'ania kwa kutu. Ustadh alijaribu mara mbili, ikagoma. Akaguna kwa kuridhika, maana alijua maana yake: Almar ni mvivu, skrubu ilimshinda, akasugua na kupaka kila mahali isipokuwa chini ya vibao. Huko chini ngozi ya zamani ingali ipo.

"Leteni tone la mafuta yale ya Khan," alisema.

Kijana mmoja alileta dumu huku amenuna. Tone moja, pumzi tatu, skrubu ikalia, ikazunguka. Kibao cha kulia kikatoka.

Kibao hicho kila mtu Darra anakijua. Ni cha mti wa jozi, na kina ufa uliopinda kutoka juu hadi chini. Babu yake Tamash alimpiga nacho nyumbu aliyekataa kuvuka daraja. Nyumbu hakudhurika. Mbao ndiyo iliyopasuka, na kisa hicho watoto wanachekeshwa nacho mpaka leo.

Ustadh alitazama chuma kilichokuwa chini ya kibao.

Rangi ya zamani ilikuwepo, imegeuka kahawia kwa umri. Na katikati yake ulipita mstari wa kutu uliokula ndani ya chuma, mwembamba, uliopinda. Ulipinda pale pale ulipopinda ufa wa mbao. Alikiweka kibao juu, akakiinua, akakiweka tena. Vililingana mwanzo hadi mwisho. Jasho la mikono ya vizazi vitatu lilipenya kwenye ufa ule na kuchora chuma, tone kwa tone, miaka hamsini. Mchoro kama huo mtu hauchongi kwa mwaka mmoja. Mimi siwezi, wewe huwezi, Darra nzima haiwezi.

Basi chuma na mbao vilikuwa vimeishi pamoja tangu enzi za babu. Mjane hakubadilisha kitu. Amepona!

Ustadh alifungua mdomo awaite wote waje waone. Kidole chake gumba kikafuta mabaki ya vumbi penye kona, pale mpini unapokutana na fremu, na mdomo ukabaki wazi bila neno.

Kulikuwa na alama za tupa.

Hazikuwa juu ya rangi ya zamani. Zilikuwa chini yake. Mikwaruzo ya mshazari, ya mkono, iliyokatika ghafla pale tupa ilipogota kwenye kona. Kiwanda cha Kiingereza kinakata kwa mashine, na mashine inaacha mistari iliyonyooka kama ya daftari. Na ile rangi ya kahawia aliijua karibu kwa harufu tu. Ilikuwa ya mkaa wa mifupa, kama walivyopaka mafundi wa zamani waliomfundisha kazi. Na chuma chenyewe, kwa weusi wake wa ndani, kilikuwa cha reli ya treni.

Ngozi ile ilikuwa ya asili kabisa. Asili ya Darra.

Kapteni wa Kiingereza hakuwahi kuishika bastola hii. Ilizaliwa vichochoro viwili kutoka hapa. Babu yake Tamash aliinunua sokoni kama mtu anunuavyo kofia, akatunga na hadithi.

Ustadh aliinua macho, akamtazama Tamash Khan. Tamash Khan alikuwa akitazama ardhi. Hapo ndipo mzee alipoelewa kila kitu: kwa nini mafuta yaliletwa asubuhi, kwa nini vibao visiguswe, kwa nini Almar kapoteza kumbukumbu. Khan alijua. Alijua tangu siku ile ya jiwe. Na leo, bastola ilipokuwa inakwenda mikononi mwa Malik Janas, ambaye angeifungua akaona, alikuwa ameshapanga kuilaza lawama mlangoni mwa mjane asiye na mwanamume wa kumtetea. Rangi mpya ilikuwa zawadi tu, ilimkuta njiani. Watu wa namna hii Mungu huwapa zawadi, sijui kwa nini.

"Umeona nini?" aliuliza Malik Janas.

Ustadh aliitupa shali yake juu ya bastola.

"Nataka kusema na mshitakiwa kwanza."

"Kusema nini?" Tamash Khan alifoka. "Sema mbele ya watu!"

"Ni haki yake," alisema Mullah. "Nenda, Ustadh. Usikawie."

Ustadh Kachkol alikwenda na bastola na kibao ndani ya shali, akaketi kwenye kizingiti, mgongo kwa mlango, kama heshima itakavyo. Alinong'ona bila kugeuka. Alimwambia habari ya ufa, kisha habari ya tupa.



"Una hakika?" Zartaja aliuliza.

"Dada, nimekula chumvi ya kazi hii miaka arobaini. Nikiwaonyesha mstari, umeokoka. Lakini wote hawa ni mafundi. Wakiinama kuona mstari, wataona na tupa."

"Na wakiona?"

"Watajua Mirbaz waliweka dhamana ya bandia. Aliyeweka dhamana ya bandia hajaweka jiwe. Ni kama amani haikuwepo."

"Miaka kumi na moja yote."

"Yote."

"Unajua Malik Janas alikuwa anakuja hapa? Kila mwaka, siku aliyouawa mwanawe. Anasimama hapo ulipokaa. Anamwambia mume wangu, nionyeshe. Shamroz anafunua kitambaa. Malik anaitazama bastola, hasemi kitu, anaondoka. Mume wangu alikuwa akisema, mzee huyu hiyo ndiyo dawa yake ya usingizi."

"Najua."

"Ukimwambia alikuwa anatazama kipande cha reli, atafanya nini?"

"Bunduki yake imerudi leo."

"Ataanza na nani?"

"Si Tamash. Desturi ni mwana kwa mwana. Tamash ana wana wanne."

"Yule mdogo ana umri gani?"

"Sita."

Mzee alisikia vikuku vya mama vikigongana, kama anayejipangusa uso.

"Nyumba yangu ina vyumba viwili tu, kaka," alisema Zartaja.

"Usiniambie hivyo. Zartaja! Nimeapa kusema kweli."

"Umeshaisema. Walikuuliza rangi, ukajibu rangi. Rudisha kibao."

"Sirudishi. Yule mbwa amesimama pale na mafuta yake, wewe huna kosa hata la punje, mimi ndiye nirudishe kibao?"

"Basi nitakirudisha mwenyewe."

Na mlango ukafunguka wote.

Hilo halijawahi kutokea kwetu, msomaji. Mwanamke haingii kwenye baraza la wanaume. Zartaja alitoka na ushungi wake mweusi, akaichukua bastola mkononi mwa Ustadh pamoja na shali, akapita mbele ya wanaume themanini waliokuwa wakigeuza nyuso kwa haya. Chini ya shali, bila kutazama, alikigandamiza kibao mahali pake. Kisha akaiweka mbele ya Mullah, ingali ndani ya shali.

"Niliibadilisha mimi," alisema. "Ya kweli niliiuza. Nikavifunga vibao kwenye hii. Habari ya paa na kutu niliitunga. Fundi Almar hana kosa."

Nilikuwepo. Nilimtazama Almar. Alianza kulia, mtu mzima na tumbo lake, akalia kimya kimya, na bado hakusema kitu. Sijamsamehe mpaka leo.

"Mwongo!" Ustadh Kachkol alikuwa amesimama. "Mullah, mama huyu anasema uongo! Anajisingizia!"

"Ustadh aliulizwa kuhusu rangi," alisema Zartaja, hakugeuka. "Amejibu. Kazi yake imekwisha."

"Kweli," alisema Mullah kwa huzuni. "Mwenyewe kakiri. Huwezi kumtetea mtu dhidi ya ulimi wake."

Tamash Khan, ambaye dakika moja nyuma alikuwa amekauka kama ngozi ya ngoma, alipata tena damu usoni. Akapata na huruma pia, maana huruma ni rahisi ukishaponea.

"Haya, jamani, yaishe," alisema, akinyoosha mikono. "Mimi si mtu wa kinyongo. Nyumba ichomwe kwa sababu ni sheria, lakini aachwe na mbuzi wake na vyombo vyake. Malik Janas nitampa kitu kingine, hata bunduki mbili. Tusahau bastola. Bastola ni nini? Chuma tu."

Vijana walifungua vifuniko vya madumu. Harufu ya mafuta ya taa ilijaa uani. Zartaja alisimama wima, mikono ndani ya ushungi, akitazama mbele kama mtu anayengoja basi.

"Ngojeni."

Malik Janas alikuwa amesimama. Alisimama taratibu, kwa kuegemea bunduki yake, akaja hadi katikati ya uwanja.

"Bibi," alisema. "Umesema uliibadilisha."

"Ndiyo, Malik."

"Na ya kweli uliiuza."

"Ndiyo."

"Kwa nani?"



"Haina haja!" Tamash Khan aliingilia. "Malik, haina haja! Imeshapotea hiyo, iko Kabul, iko wapi sijui..."

"Vipi haina haja?" Malik Janas alimgeukia. "Nusu saa iliyopita ulikuwa ukiilia kama roho ya babu yako. Sasa imekuwa chuma tu?"

Mtu mmoja wa Zarwali alicheka kwa pua, na vidole vya watu wawili watatu vikaanza kucheza karibu na mikanda ya risasi.

"Nisikilizeni," alisema Malik Janas, na hakupaza sauti, lakini hata wale waliokuwa juu ya ukuta walimsikia. "Siku walipomleta mwanangu nyumbani, nilikuwa na watu arobaini nje ya mlango, wameshapakia risasi. Niliwarudisha. Niliwarudisha kwa sababu Mirbaz walikubali kuitoa bastola hiyo. Miaka kumi na moja mama yake hajanipa chai kwa mkono wake. Anaiweka chini, naiokota. Kila mwaka nimekuja hapa kuitazama, ili nijue kuna kitu Mirbaz walichonipa ambacho kiliwauma kukitoa. Leo imekuwa yangu. Nyumba ya bibi mkitaka kuichoma, chomeni, sioni faida yake. Mimi nataka bastola."

"Malik..." alianza Mullah.

"Kama iliuzwa, ipo. Kama ipo, ataileta. Na kama haipo," alimtazama Tamash Khan sasa, kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, "basi mtu aniambie hapa nilikuwa nalala juu ya nini."

Ustadh Kachkol alikuwa na jibu mdomoni, na lilikuwa na ladha ya kutu.

"Bibi," alisema Malik Janas. "Unaweza kuileta?"

Upepo mdogo ulipita. Dumu moja lilianguka, mafuta yakaanza kumwagika kwenye changarawe, na hakuna aliyeinama kuliinua.

"Naweza," alisema Zartaja.

"Lini?"

"Kesho adhuhuri."

Alimjibu Malik, lakini hakuwa akimtazama Malik. Alikuwa akiitazama mikono ya Ustadh Kachkol, ile iliyokuwa ikikivisha chuma cha Darra ngozi ya Kiingereza miaka arobaini.